Lango Lililofungwa Ili Lifunguliwe

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, gari la wagonjwa lilisimama mbele ya utepe mwekundu uliofungwa kukatiza lango la daraja la mpakani, na ndani ya gari hilo alikuwa amelazwa mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhakikisha kwamba gari la namna hiyo halisimamishwi mahali hapo. Ndugu waombolezaji, wageni wetu wa Jumuiya, wageni wetu wa nchi jirani, majirani na marafiki, huyo ndiye marehemu wetu, na haya ndiyo maisha yake, yanayosomwa kwa niaba ya familia na dada yake mkubwa, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo atasoma polepole na anaomba avumiliwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1959, ng'ambo ya mto, nyumbani kwa bibi mzaa mama, ambaye alikuwa mkunga, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Wakati huo hapakuwa na lango, palikuwa na daraja la mbao tu, na mama yetu alivuka kwa miguu kwenda kujifungua kama mtu anayekwenda chumba cha pili. Alipenda kusema, "Huyu mimba yake niliibeba huku, nikamzalia kule, sasa muulizeni mwenyewe ni wa wapi," na yeye marehemu, hata alipokuwa mtu mzima mwenye tai shingoni, alijibu, "Mimi ni wa daraja, mama."

Alisoma shule ya msingi katika mji huu kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, ambako watoto wenzake walimwita Ng'ambo kwa kumdhihaki, mpaka dada yake alipomchapa mmoja wao kwa mkoba wa vitabu, jambo ambalo amelitubia mara nyingi bila kulijutia sawasawa. Jina lilimganda hivyo hivyo, akalipenda, na wengi mliopo hapa hamjui jina lake jingine. Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea uongozi wa ofisi kuanzia mwaka 1978 hadi 1980, akawa karani wa mapokezi katika ofisi za wilaya, na tarehe 1 Februari 1984 akaajiriwa na Sekretarieti ya Jumuiya, ambako mwaka 1991 alipandishwa cheo kuwa afisa itifaki, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2019.

Wapo wanaodhani itifaki ni kazi ya kupanga viti na kufukuza watu wasio na kadi. Ng'ambo alikuwa na chumba chembamba nyuma ya ukumbi mkubwa wa mikutano, kilichonukia dawa ya kung'arishia mbao, bendera zimekunjwa kwenye rafu, pasi haipoi mchana kutwa, na alipoulizwa anafanya nini humo alisema, "Ninazuia watu wasiaibishwe." Aliposema hivyo hakuwa anatania.

Bendera hizo ndizo zilizomkutanisha na mke wake. Asubuhi moja ya mkutano alikimbia mjini na bendera iliyochanika pindo, akaingia kwa mshonaji mmoja katika mtaa wa nyuma ya soko, akamhimiza, na mshonaji yule hakuinua hata uso, akamwambia, "Kaka, usinikimbize, hii ni nguo ya watu wengi." Alirudi siku ya pili bila bendera yoyote, akasema amekuja kushukuru, na siku ya tatu alikuja kushukuru tena. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni mwalimu, kijana wa kati ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba aliyeko chuoni, pamoja na wajukuu wawili. Tangu siku zile wifi yetu hajawahi kutoka nyumbani bila mkasi wake kwenye mkoba, na jambo hili linatajwa kwa sababu litarudi.

Mwaka 2005 Jumuiya yetu ilianza mazungumzo na nchi jirani, ambayo si mwanachama, kuhusu lango la daraja, kwa maana hospitali kubwa ya moyo iko upande wao, na wagonjwa wa upande wetu walikuwa wakisubiri mihuri huku wakikata roho. Siku mbili nzima hapakusonga kitu. Nchi za Jumuiya zilikaa upande mmoja wa meza, bendera kwa bendera, na upande wa pili alikaa mkuu wa msafara wa jirani na wenzake wawili na bendera moja, na kila alilosomewa alijibu, "Haiwezekani," mpaka wahudumu wa chai wakampa jina la Bwana Haiwezekani. Mwishoni alifunga jalada lake akauliza, "Hivi mmeniita kwenye mazungumzo, au kwenye kesi?" 

Asubuhi iliyofuata wajumbe walikuta ukumbi umefungwa, na viti vimepangwa barazani, wa huku na wa kule wamechanganywa, hakuna meza, hakuna bendera hata moja. Katibu wa Jumuiya alimjia juu Ng'ambo, akamuuliza nani amemruhusu, naye akajibu kwa adabu zote, "Mheshimiwa, fundi amesema meza ina mguu mbovu, inaweza kumwangukia mgeni." Meza ile ilikuwa na miguu mizima yote, Mungu amsamehe uongo huo. Kufikia chakula cha mchana, Bwana Haiwezekani alikuwa akimweleza mjumbe wetu habari za mama yake mgonjwa, na kabla ya jioni walikuwa wamekubaliana. Mkataba ulitiwa saini tarehe 21 Aprili 2006, na ndani yake mna kifungu ambacho Ng'ambo alikisema kama sala, kwamba mgonjwa aliye ndani ya gari la wagonjwa hatasimamishwa langoni na mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Siku hiyo mvua iliwakimbiza wakubwa kwenye magari yao, hotuba hazikusomwa, lango likabaki wazi tu, na wa kwanza kupita alikuwa mama mwenye uchungu wa kujifungua. Marehemu alisema hajawahi kuona ufunguzi mzuri kama ule.

Mwezi Agosti 2021 alianza kusumbuliwa na moyo, akawa anatibiwa katika hospitali ya ng'ambo, na alivuka daraja lile mara nyingi akiwa hoi, bila kuulizwa neno. Kila walipopita langoni alimgusa mkewe begani, kama anayemwambia, unaona?

Mwanzoni mwa Machi mwaka huu alipigiwa simu na ofisa aliyerithi kiti chake, aliyetaka ushauri kuhusu sherehe ya kuimarisha ushirikiano wa Jumuiya na nchi jirani. Kamati ya maandalizi ilikuwa imegundua kwamba lango la daraja halijawahi kufunguliwa rasmi, kwa hiyo litafungwa siku moja kabla, ili viongozi waje kulifungua. Dada yake alikuwa ameketi pembeni akimenya machungwa, na alimsikia akisema, "Mwanangu, utafungaje kitu kilicho wazi?" Ofisa akamjibu, kwa sauti iliyotoka nje ya simu, "Mzee, lango likiwa wazi picha haitakuwa na maana." Marehemu akauliza, "Na wagonjwa?" Akaambiwa kamati imelizingatia. Aliweka simu chini akasema, "Hawajalizingatia," na hakula chungwa.

Asubuhi ya tarehe 14 kifua kilimbana, daktari wa hapa akasema avushwe haraka, na gari likafika langoni saa ile iliyotajwa mwanzoni. Wifi yetu alishuka akawaambia wasimamizi wa sherehe kwamba ana mgonjwa. Akaambiwa, "Mama, tafadhali, wageni rasmi wako njiani, dakika chache tu." Akasema, "Mgonjwa wangu hana hizo dakika." Akaambiwa, "Utepe huu una mtu wake wa kuukata." Ndipo alipofungua mkoba akatoa mkasi wake, na ofisa aliyerithi kiti cha marehemu, mtu ambaye marehemu alimfundisha kukunja bendera, alimshika mkono akasema, "Mama, huo siyo mkasi uliopangwa." Mkasi uliopangwa ulikuwa pale pale kwenye meza ndogo, juu ya mto wa mahameli, umelala vizuri kuliko mgonjwa. Ofisa huyo hakuchungulia ndani ya gari, na familia inaamini hakuchungulia kwa sababu alijua atamwona nani.

Walisubiri zaidi ya saa nzima. Viongozi walikuwa bado hotelini wakibishana nani atatangulia kushuka garini, jambo ambalo Ng'ambo angelimaliza kwa sentensi moja. Muuguzi aliyekuwa garini alilia. Hatimaye marehemu alikiondoa kifaa cha hewa mdomoni, akamtazama mkewe, na mtu huyu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvuruga shughuli ya mtu alisema neno moja, "Kata." Akakata. Mlinzi wa upande wa jirani akainua kizuizi bila kusubiri amri, gari likapita, na saa tano na dakika arobaini, paa la hospitali likiwa linaonekana, ndugu yetu akakata roho. Daktari alisema wangemfikisha mapema kidogo angekuwa na la kufanya.

Nyuma yao utepe uliungwa kwa fundo. Wote mmeiona picha gazetini, viongozi wanatabasamu, mkasi wa mahameli uko kazini, na fundo lile liko katikati kama kidonda.

Juzi familia ilitembelewa na wajumbe wawili wa Jumuiya wakiwa na mambo mawili. La kwanza, wifi yetu aombe radhi kwa kukata utepe wa shughuli ya kidiplomasia. Familia inajibu hapa, mbele ya Mungu na mbele yenu, kwamba haombi. La pili, lango lipewe jina la marehemu, na lifungwe tena kuanzia jana hadi leo alasiri, mwili utakapovushwa kwenda kuzikwa kando ya mama yake aliyezikwa kwao ng'ambo, ili jina lifunuliwe na utepe ukatwe kwa heshima yake. Waheshimiwa, kwa heshima ya nani? Tangu jana kuna watu wamelala kwenye mikeka pale langoni na wagonjwa wao, na wanaambiwa wanamsubiri Ng'ambo. Hawezi kusubiriwa na mgonjwa, hata akiwa maiti. Familia inaomba jambo moja tu, kwamba simu ipigwe sasa, kabla ya sala ya mwisho, lango lifunguliwe, wagonjwa watangulie, na sisi tupite nyuma yao. Jina hatulihitaji.

Tunamshukuru daktari wa hapa, na madaktari wa ng'ambo waliotoka mbio kulipokea gari ingawa walikuwa wamechelewa kuletewa. Tunamshukuru muuguzi, na mlinzi aliyeinua kizuizi, ambaye tumesikia amesimamishwa kazi, na tunataka arudishwe. Tunawashukuru majirani walioacha milango yao wazi kwa ajili ya wageni wetu, na wafanyakazi wenzake wa zamani, waliokuja na walioona aibu kuja. Tunamshukuru Bwana Haiwezekani, aliyevuka kwa miguu na fimbo yake, akapitia chini ya utepe mpya, na ambaye amekataa kiti cha wageni wa heshima, ameketi na wanawake wa jikoni.

Ee Mwenyezi Mungu, mja wako anakuja kwako amechoka, naye amesubirishwa vya kutosha. Usimpangie mapokezi. Mkute mlangoni mwenyewe, mlango ukiwa wazi kama ulivyokuwa, asione utepe, asiulizwe ametokea upande gani, na umpumzishe kwa amani yako. Amina.