Fundi Adow na Redio ya Diff

Assalaam aleykum, wasikilizaji wapendwa. Mlio dukani, mlio malishoni, mlio jikoni na redio juu ya kabati, karibuni tukae pamoja. Ni mimi Anab Isacko. Leo sina mgeni studioni. Mtu wetu wa leo tulimzika Ijumaa iliyopita hapa Garissa, baada ya swala. Jina lake Adow Nunow. Fundi Adow. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Vijana wataniuliza, huyo Adow Nunow ni nani? Hata ghorofa mjini hana. Haya, nisikilize wewe unayempigia mama yako aliye Bute ukiwa umelala chali, halafu unalalamika eti mtandao uko chini. Kuna mtu alianza. Adow Nunow ndiye aliyefunga redio kol za sauti, zile redio za kuitana na kujibiana, katika zahanati za Elwak, Bute na Diff. Narudia: Elwak, Bute na Diff. Mwaka ulikuwa 1966, na vita vilikuwa vimepamba moto.

Tuanze mbali kidogo. Adow alizaliwa hapa hapa Garissa. Baba yake, mzee Nunow, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Mzee akanunua redio, watu wakawa wanakuja kuisikiliza jioni. Siku moja alipotoka kwenda mnadani, Adow akaifungua yote. Alipoirudishia, skrubu zilibaki mkononi, lakini redio ikaimba kama kawaida. Mzee Nunow hakujua ampige au ampongeze. Akafanya yote mawili.

Basi kijana akapelekwa Nairobi kusomea ufundi wa redio. Aliporudi, nchi ya huku ilikuwa imechafuka. Wenye umri wangu tunajua tulivyosimuliwa. Serikali upande huu, wapiganaji waliotaka kujitenga upande ule, raia katikati na mbuzi wao. Barabarani hupiti ila kwa msafara wenye walinzi. Kukiwa na kafyu, hata mgonjwa anangoja.

Na zahanati za mbali zilikuwa na shida moja kubwa. Ukipata mgonjwa mahututi, unamtuma mtu mpaka kituo cha polisi. Pale kuna mashine ya kugonga, ti-ti-ti, inapeleka maneno machache hadi Garissa. Mashine hiyo ina kazi zake za vita. Ujumbe wa zahanati unakaa foleni, na ukifika, unafika umekatwakatwa. "Mama mgonjwa." Mama yupi? Mgonjwa wa nini? Hakuna anayejua.

Kazi aliyopewa Adow ilikuwa hiyo: kuondoa kungojea mashine ya kugonga, na kuweka redio ya sauti kila zahanati. Redio moja, betri ya lori, mlingoti na waya. Garissa iwe katikati, inawaita wote. Alisafiri na misafara, amekaa juu ya magunia ya unga, amekumbatia redio asije akaitingisha.

Binti yake, Fatumo, ameniambia hivi: "Aabo, baba yangu, alikuwa anasema redio ilikuwa rahisi. Watu ndio walikuwa kazi. Elwak askari walimwambia apande mlingoti kwanza yeye, kama kuna baruti imlipukie yeye. Diff wazee wakamuuliza, huu waya unamsikilizia nani? Aabo akawajibu, unamsikia yule anayebonyeza kitufe. Wakacheka, wakamletea maziwa."

Huko Diff, wasikilizaji wapendwa, Adow alikuwa na mtu wake. Dada yake wa kumfuata, Ardo, alikuwa ameolewa huko. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Adow alilala kwao alipokuwa anafunga ile redio, na kila akipanda mlingoti, Ardo anasimama chini anamkemea ashuke. Dada zetu mnawajua.

Msimamizi wa zahanati ya Diff aliitwa Jama Guleid. Mzee wa heshima, mkono mwepesi wa sindano, na mwenye adabu za kizamani. Mkumbukeni huyo Jama, maana ndiye aliyeshika redio upande wa Diff. Adow akarudi Garissa, akakaa kwenye redio ya Garissa, kazi ikaanza.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na vichekesho. Asubuhi ya kwanza Elwak ikamwita Bute. Jamani! Ma nabad baa, ni amani? Waa nabad, ni amani. Watoto? Nabad. Mifugo? Nabad. Mvua? Mjomba? Ngamia wa mjomba? Walipomaliza habari za ngamia wa mjomba, betri ya Elwak imekufa, na Diff hajapata hata nafasi ya kukohoa. Asubuhi ya pili ikawa vilevile.

Adow akaudhika. Alikuwa kijana, ametoka masomoni, anataka kazi iende mbio. Akaweka sheria. Kila asubuhi, kabla msafara haujaondoka, Garissa itaita kila zahanati kwa zamu. Itauliza jambo moja tu: salama au shida? Unajibu neno moja. Ukisema shida, unapewa nafasi ueleze, na daktari anapanda msafara wa asubuhi ile ile. Ukisema salama, Garissa inaita mwingine. Zahanati zote zikasema, tumeelewa.

Na kweli ikawa mbio. Elwak? Nabad. Bute? Nabad. Diff? Nabad. Asante, kwaheri. Betri zikadumu. Afisa wa usalama akamsifu. Adow akafurahi kweli, akawa anasema Mwenyezi Mungu amezihurumia zahanati zake.

Wewe unayenisikiliza na umelelewa huku, najua umeshashika kichwa. Mtu wetu ukimuuliza kama ni salama, anajibu nini? Anajibu nabad. Amani. Hata kama amefiwa. Kwanza amani, ndiyo adabu. Halafu unamwambia "warran", lete habari, ndipo anakupa habari yenyewe, na hiyo mbaya inakuja mwisho. Kumtupia mtu msiba usoni kabla ya salamu ni utovu wa adabu. Adow alinyonya adabu hiyo na maziwa ya mama yake. Lakini alipovaa vile visikizio kichwani, akaisahau. Akasikia nabad, akaandika salama, akageukia mwingine.

Ikafika asubuhi moja mwezi wa Ramadhani. Garissa inaita, Diff? Mzee Jama anajibu, nabad. Adow anasema asante. Msafara ukaondoka, na daktari akabaki Garissa, maana hakuna aliyesema shida.

Alasiri Adow akawaita tena kwa ajili ya kupima mitambo. Diff? Nabad. Asante. Elwak? Na kabla Elwak hajajibu, sauti ya mzee Jama ikaingia, imekasirika. Maneno haya Adow aliyarudia nyumbani kwake maisha yake yote, na Fatumo anayajua kwa moyo:

"Adeer, wewe mtoto ya nani? Mimi nakuambia nabad, wewe unakimbia. Asubuhi nakuambia nabad, unakimbia. Kwenu habari hakuna? Niulize habari!"

Adow akaiacha Elwak ingoje. Halafu akasema, "Abti, mjomba wangu, samahani. Warran?"

Mzee Jama akaanza, kwa utaratibu wake. Mvua haijanyesha. Kisima kina maji kidogo. Ngamia wa jirani kapotea, kapatikana. Halafu akasema, "Na dada yako Ardo iko hapa kwangu tangu jana. Uchungu imemshika. Mtoto hatoki. Mimi mkono yangu imefika mwisho."

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu.

Narudia ili asipotee mtu. Ardo, dada yake Adow, alikuwa zahanati ya Diff, uchungu umemshika tangu siku iliyotangulia. Mzee Jama aliitaka Garissa imwulize habari tangu asubuhi. Msafara ulikwishaondoka bila daktari. Na sheria ya neno moja ilikuwa ya Adow mwenyewe.

Adow hakuwahi kuwa mtu wa kupiga kelele, lakini siku hiyo alipiga. Alikwenda kwa afisa wa usalama, akalia mbele yake kama mtoto. Gari kutoka peke yake bila msafara ilikuwa marufuku. Afisa akamwambia, ukipata dereva mwenye kuichoka roho yake, mimi nitageuka niangalie ukutani. Daktari ndiye aliyejitokeza kuendesha, Mungu amlipe. Adow akakaa mbele, wakaondoka. Njiani hakuna aliyewagusa, upande huu wala upande ule.

Walifika Diff asubuhi. Daktari akafanya kazi yake. Ardo alipona, alhamdulillahi. Mtoto alitoka hana uhai. Alikuwa wa kike. Adow mwenyewe alimbeba kumpeleka kaburini.

Kuna watu jambo kama hilo huwavunja. Adow alirudi Garissa, akangoja Idi ipite, halafu akasimama. Akaenda tena Elwak, akaenda Bute, akaenda Diff, na kila zahanati aliomba msamaha kwa mdomo wake. Sheria ya neno moja akaifuta. Badala yake, Garissa ikawa inauliza amani, inasikia nabad, halafu inasema warran na kunyamaza, mpaka mtu amalize. Kuhusu betri, akaomba za ziada, zikawa zinapanda na kushuka na misafara, moja inachajiwa Garissa, nyingine kazini.

Afisa hakupenda. Kisomali kirefu namna ile hewani, wakati wa vita? Adow akamwambia, njoo ukae hapa, nitakutafsiria kila neno. Afisa akaja na kiti chake. Akasikiliza ngamia wa Elwak, akasikiliza mbuzi wa Bute, akasikiliza ugomvi wa wakwe wawili. Siku ya tatu akabeba kiti chake akaenda zake. Hakurudi tena.

Kwa njia hiyo, mpaka vita vinaisha mwaka 1967, na miaka mingi baadaye, wangapi waliokolewa? Sitawadanganya, sijui. Lakini pale matangani nilimwona mzee mmoja ametoka Bute kwa basi, mguu mmoja mbovu, hana undugu wowote na Adow. Nilimuuliza amekuja kwa nani. Akaniambia, "Mimi nimekuja kwa redio. Redio ndio iliniletea daktari." Akafuta machozi kwa ncha ya kofia, akaendelea kula.

Baadaye Adow aliajiriwa idara ya simu. Alioa, akapata watoto, akazeeka vizuri. Alikuwa mcheshi, na kwenye chai hakuwa na simile na sukari. Simu za mkononi zilipokuja, alizipenda kuliko wajukuu wake. Fatumo anasema kila Idi alikuwa anakwenda kwa shangazi Ardo na zawadi, anakaa naye, na kabla hajaondoka anamuuliza swali moja. Watoto waliambiwa watoke nje. Swali lenyewe hawakulijua.

Jumatatu nilikwenda kwa bibi Ardo. Anaishi hapa Garissa sasa, na macho yamepungua nuru. Nilimuuliza kuhusu swali hilo. Alinitazama, akamwambia Fatumo anyanyue ile mashine yangu ya kurekodi aiweke karibu na mdomo wake. Nilimuuliza mara mbili kama anaruhusu nitangaze. Akasema, "Tangaza. Sasa yeye hasikii." Kiswahili ni chake mwenyewe, sikukigusa. Sikilizeni.

"Adow alikuwa ananiuliza, Ardo, ile asubuhi, Jama aliposema nabad mara ya kwanza, mtoto ilikuwa hai? Kila Idi ananiuliza. Mimi namwambia, hapana walaal, ndugu yangu, mtoto ilikufa usiku, zamani, kabla ya redio. Hata daktari angekuja, ni bure. Basi anaona roho imetulia, anakunywa chai, anaenda. Mwaka ingine anarudi, anauliza tena. Mimi nasema ile ile.

"Mtoto ilikuwa hai. Asubuhi ilikuwa inanipiga teke hapa, chini ya mbavu. Mpaka usiku ya pili inapiga. Mimi ndio mama, mimi najua. Lakini nimwambie? Kaka yangu? Mtoto nimeshapoteza. Nipoteze na kaka?"

Wasikilizaji wapendwa, Fatumo alikuwa ameshika ile mashine. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anasikia. Aliiweka chini, akamkumbatia shangazi yake, na mimi nikatoka uani nikawaacha.

Kwa niaba ya kituo hiki, natoa pole kwa familia nzima ya marehemu Adow Nunow. Pole Fatumo na ndugu zako. Pole wazee wa Diff, Bute na Elwak. Bibi Ardo, pole ya kwako ni mbili, na ya pili imechelewa miaka karibu sitini. Mwenyezi Mungu ampe Adow Janatul Firdaus, amkutanishe na yule mtoto.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujazima redio, fikiria kidogo. Wewe umelala usingizi mzuri miaka yote hii kwa sababu ya nani? Ni nani aliyekubebea neno zito, asikwambie, akakumiminia chai? Huenda bado yu hai. Huenda yuko chumba cha pili hapo ulipo. Nenda ukakae naye.