Tikiti Iliyotoka Dandora

Kijiwe chao pale mtaa wa Ziwani kilikuwa benchi moja tu, kati ya cherehani ya Teresiah na birika la Shire mwuza kahawa. Jioni hiyo cherehani ilikuwa kimya. Asubuhi Teresiah alishikwa ndani ya basi na tikiti iliyokwisha kutumika, na kesho saa mbili alitakiwa korti ya Makadara. Kutozwa faini alistahili kwa ujinga wake. Lakini akikosa kulipa angelala ndani, na sare za watoto wa watu zingebaki bila mikono.

— Hebu rudia ulivyomjibu inspekta, alisema Mulama. Walimwita Wakili tangu alipotoa ushahidi katika kesi ya mbuzi.

— Aliangalia tikiti akasema imekatwa Dandora. Nikasema ndiyo, natoka huko. Akauliza nimepandia kituo gani.

— Ukasema?

— Jalalani. Huko Dandora najua jalala tu.

Wanyoike, fundi mstaafu wa mabasi aliyeitwa Breki, alijimwagia kahawa magotini.

— Mama, basi halisimami jalalani.

— Sasa najua.

— Usijali, alisema Wakili. Mwambie hakimu upepo ulibadilisha tikiti yako na ya jirani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Inspekta ndiye mgeni. Wewe utapona.

— Upepo gani na madirisha yamefungwa? Breki aliuliza. Mwambie ni dizeli. Ikiungua vibaya, moshi wake hula wino wa tikiti mpya, ukaacha wa zamani. Nimekaa gereji miaka kumi na minane.

— Ukibadilisha magurudumu, alisema Shire.

— Kwani gurudumu si gari?

Wakili alikuwa bado anafikiri.

— Sikia. Una pacha Dandora. Yeye alikata tikiti, wewe ukakalia kiti.

— Anaitwa nani?

— Teresiah. Mapacha hufanana.

Teresiah alijua huo ni upuuzi. Hata hivyo, alijikuta akiwaza pacha huyo angevaa gauni gani kortini, na kama angejua kushona vizuri kumshinda.

Hapo akafika Annah, nesi wa zahanati, kuchukua sketi yake. Alisikiliza akiwa amesimama.

— Samahani, dada. Konda aliyekuuzia hiyo tikiti, ulimpa nauli nzima?

Breki akainua kikombe kitupu akanywa. Wote walimjua yule konda. Abiria akishuka, konda anamwomba tikiti yake. Anayepanda anauziwa hiyo hiyo kwa nusu nauli. Wakili alikwenda hivyo kazini Jumatatu hadi Ijumaa. Breki alikwenda hivyo hata kanisani.

— Shire, ongeza kahawa, alisema Breki.

— Imeisha.

Teresiah alimkabidhi Annah sketi yake.

— Nililipa nusu. Nilijua ni ya zamani, ilikuwa imetobolewa kama chujio. Na kesho nitasema hivyo hivyo.

— Watakuuliza mchezo huo ulifundishwa na nani, alisema Wakili polepole.

Teresiah akawatazama mmoja mmoja, bila haraka.

Shire alikuwa wa kwanza kutia mkono mfukoni, ili kuchangia faini. Wakili akafuata. Breki alipapasa koti lake lote, kisha akauliza kama yeye anaweza kutoa nusu.