Tausi Ifunguliwe: Maneno Yetu kwa Mkurugenzi Wacera

Mgeni rasmi, Bi. Wacera, Mkurugenzi wa kampuni yenye Tausi. Wakili uliyekuja naye, ambaye hatukumwalika lakini kiti kimepatikana. Mwenyekiti wetu Mzee Mohamud. Mabibi na mabwana: hamjambo, na asalaam aleikum.

KUKUKARIBISHA

Sisi ni watu wa kompyuta wa Kitale na Bungoma. Wengine wetu wana saiba, zile duka za intaneti, wengine wanafundisha, wengine wanatengeneza mashini za watu na kulipwa kuku. Tumekualika miaka mingi. Umekuja mwaka huu wa 2006, wiki ile ile ambayo Alhamisi kuna jambo kortini. Kamati ya risala ilikaa ikakubaliana tusiguse hiyo kesi yako na mwenzetu Zahid, kwa sababu mgeni hasalimiwi kwa kidonda. Kwa hivyo hatutaigusa. Wala hatutasema kwamba ukishinda, mashini zake zote zinachukuliwa na saiba yake inageuka duka ya viatu.

TULIKOTOKA

Kwa wale wa jikoni wanaosikiliza kwa dirisha, Tausi ni lugha ya kuiandikia kompyuta kazi ya kufanya. Kampuni ya Bi. Wacera iliitunga Nairobi, na ni wao peke yao wanaoruhusiwa kuona ndani yake. Sisi tunanunua, tunaandika programu zetu nayo, tunashukuru. Tuliipenda siku ya kwanza, kwa sababu inasema Kiswahili. Roselyne, anayefundisha kompyuta Bungoma, alisema ndiyo mara ya kwanza wanafunzi wake wanakosea na kuelewa wanagombezwa nini.

TULICHOFANYA

Tumeandikia wafanyabiashara wa ng'ombe wa Chwele programu yao. Kubwa zaidi, tuliandikia ushirika wa maziwa kule Endebess programu ya kupima. Mkulima anaweka mkebe kwa mizani, kompyuta inaandika, mkulima anaenda nyumbani bila kugombana na karani. Karani mwenyewe alibaki na muda mwingi mpaka akaoa.

SHIDA ZETU

Shida ni moja, mgeni rasmi. Tausi inaogopa wezi. Stima ikipotea Tausi ikiwa kazini, inadhani kuna mtu anaiiba, inajifunga, na haifunguki mpaka mtu wenu atoke Nairobi na CD ya ufunguo. Na hapa kwetu wingu likikohoa tu, stima imeenda.

Kijana wenu Ian alikuwa anakuja, anafungua, anakunywa chai, anaaga. Akifika Eldoret tunampigia: "Ian, geuza gari." Mwishowe aliacha mswaki wake kwa mwenzetu Wekoye. Na maziwa hayangojei CD. Ushirika ukaanza kuuza mala, maziwa yaliyoganda, bila kukusudia. Mama Nasambu, mwenye ng'ombe mmoja, alisimama pale na mkebe wake akatuuliza, "Sasa nyinyi, hiyo mashini ni ya kazi ama ni ya kubembelezwa?"

Tulikuandikia. Ukajibu kwamba barua imepokelewa. Tukaandika tena, ikapokelewa tena. Kusema ukweli, hakuna ofisi Kenya inapokea barua vizuri kama yako.

Basi mtu fulani, hatutaji jina, mwenye saiba karibu na msikiti na leo amevaa shati ya samawati, akaingia ndani ya Tausi akaifundisha kwamba giza si mwizi. Kufuli hakuondoa; asiyelipa bado inamfungia. Pesa hakuomba. Aliweka hiyo dawa Endebess, maziwa yakapita. Halafu, kwa sababu mama yake alimlea vizuri, akawatumia nyinyi dawa hiyo na maelezo yake. Maelezo hayo sasa yako kwa mkoba wa wakili.

Mwaka huu mkatuletea Tausi mpya. Mvua ikanyesha, stima ikapotea, ikarudi. Tausi haikujifunga. Tulifurahi, tukapeana mikono, mpaka tukaona maneno yametokea kwa skrini: "Pole mama Suad, endelea na kazi."

Mgeni rasmi, Suad ni binti ya Zahid. Mama Suad ni bibi yake, na ndiye alikuwa anajaribu hiyo dawa kila stima ikipotea, akilalamika. Zahid alimwandikia pole ndani ya Tausi, akasahau kuitoa, na nyinyi mkaibeba hivyo hivyo. Leo kila mwenye Tausi mpya, hata Mombasa, stima ikirudi anampa pole mke wa Zahid. Mama Suad anasema amepokea na anashukuru.

Sisi hatusemi kitu. Ndama wetu akionekana kwa boma ya jirani na kamba yetu shingoni, tunasema tu ng'ombe wanapenda kutembea.

KIKAO KILICHOKAA

Si wote tulikubaliana tukuombe uiache Tausi wazi, kila mtu aone ndani yake, na risala ya kweli haifichi. Wekoye aliuliza Tausi ikifunguliwa watoto wa Bi. Wacera watakula nini. Sabiha, mwenye hoteli inayotupikia leo, akamjibu: "Kila mtu hapa Kibomet anajua kupika chapati, na bado asubuhi mnajaa kwangu. Mimi siuzi siri bana, nauza kuamka mapema."

Mzee Mohamud akaongeza, "Kitabu cha Mungu kiko wazi kwa kila mtu, na imamu hajakosa kazi, wala pasta."

"Na madhehebu umehesabu, mzee?" Roselyne akamuuliza. "Kila mtu akiwa na Tausi yake, mwanafunzi wangu akitoka Bungoma kuja Kitale si atatafuta mkalimani?"

Mzee aliomba chai.

MAOMBI

Ombi la kwanza: fungua Tausi, kila mtu aone ndani na arekebishe panapomuuma. Mliiandika kwa stima ya Nairobi. Giza letu mngelijulia wapi?

La pili, kwa ajili ya Roselyne: jina libaki lenu, na kitu kisiingie Tausi mpaka mkipime. Mwenye kutaka mambo yake aite yake Kanga.

La tatu ni lile la Alhamisi. Tumekubaliana tusilisome, kwa hivyo nitanyamaza kidogo, wakili aangalie saa yake.

Nimemaliza kunyamaza.

CHAKULA

Mgeni rasmi, kuku iko tayari. Kwa desturi ya huku firigisi ni ya mwanamume mkubwa kwa meza. Wazee walikaa, wakavutana, wakapitisha kwamba Mkurugenzi ni Mkurugenzi. Kwa hivyo ni yako. Utaikuta kwa sahani yako, nzima, na kisu kando. Aliyepewa firigisi anaweza kula peke yake na hakuna atakayemwuliza. Lakini akimkatia mtu kipande, hawezi tena kumshtaki mtu huyo, hata kama alikuwa na sababu nzuri.

Viti vilikuwa vichache. Zahid amekaa upande wako wa kulia.

Mungu akubariki wewe na kampuni yako, awape wateja wanaolipa na barabara isiyo na matope, na akurudishe kwetu.

Ni sisi, Umoja wa Watu wa Kompyuta, Kitale na Bungoma. Imesomwa na katibu, Wabwile.