Des Kinnane, Unga wa Maganda na Maua ya Noelene

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa makaburini Currawee leo, Jumamosi tarehe 9 Novemba 2019, kabla hatujamshusha marehemu tunaomba mtege sikio. Ndoo zilizopangwa kando ya kaburi mnaziona wenyewe. Karibu kila nyumba imeleta yake, imejaa unga wa maganda ya chaza, na mnangoja kuumwaga juu yake kwa heshima. Ahsanteni sana. Ila mwenyewe alikataza, na kwa nini alikataza hatukujua mpaka juzi.

Marehemu Desmond Patrick Kinnane alizaliwa hapa hapa Currawee, pwani ya kusini ya New South Wales, tarehe 3 Mei 1947. Alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne wa Bwana Clarrie na Bi. Ivy Kinnane, wafugaji wa chaza. Baba yake alitoka mtoni mbio kuja kumwona, matope hadi magotini, na mkunga akamfukuza akaoge kwanza.

Alisoma shule ya msingi ya Currawee kuanzia 1953, kisha sekondari hadi alipofikisha miaka kumi na mitano. Siku moja mwalimu aliuliza darasani mmea unahitaji nini ili ustawi. Wenzake wakasema maji, jua, samadi. Des akasema, “Ganda.”

“Ganda na nini, Desmond?”

“Na ganda lingine.”

Darasa zima lilicheka, yeye akashangaa wanacheka nini.

Mwaka 1962 aliingia mtoni na baba yake, na mwaka 1974 akaachiwa vichanja vyote vya chaza. Wenzake walikuwa wakitupa maganda, yeye akayakusanya. Aliyaacha mvuani kipupwe kizima ili chumvi itoke, akayasaga kwa mashine kuukuu ya nafaka iliyoamsha mbwa wa mtaa mzima, akachekecha, akagawa. Tuseme haki yake: nyanya za Currawee zilizokuwa zikioza kitako ziliacha kuoza, na kabichi zetu zilishinda kwenye maonyesho ya wilaya hadi majirani wa ng’ambo ya mto wakanuna. Kuku asipotaga, Des alileta ganda. Ukimwambia paa lako linavuja, kwanza aliitazama ndoo yake.

Tarehe 18 Septemba 1971 alifunga ndoa na Noelene Tillack, binti wa wafugaji wa ng’ombe wa maziwa kule Yarrabin, vilimani. Bibi harusi alikuja na kipandikizi cha haidrenjia ya mama yake, yale maua yenye vichwa vikubwa vya duara, amekifunga kwa gazeti bichi. Akakipanda kando ya ngazi ya jikoni. Kwao yalikuwa ya buluu iliyokolea. Hapa yalipochanua wakati wa Krismasi, yakatoka pinki.

“Eh! Kwetu yalikuwa buluu,” alisema Noelene, basi. Des alikuwa akitafuna keki, mdomo umejaa.

Kipupwe kilichofuata alilimwagia shina lile ndoo nzima ya unga wa ganda. Krismasi, pinki. Akaongeza. Pinki zaidi. Binti yao Raelene alikua akiyaona hayo kila mwaka.

“Baba, unayamwagia tena?”

“Hayajakaa sawa bado.”

“Yakae sawa vipi? Mbona yanapendeza?”

“Mwache baba yako,” Noelene alikuwa akisema dirishani. “Kila mtu na apendacho.”

Februari mwaka huu alianza kukohoa, na Oktoba alilazwa hospitali ya wilaya kwa ugonjwa wa mapafu. Tarehe 30 jioni alimshika mkewe mkono.

“Msiniwekee ganda.”

Noelene alidhani ni dawa zinasema. “Des, ni mimi. Umesema ganda?”

“Juu yangu. Msiweke. Hata kijiko.”

“Wewe? Des Kinnane? Kwa nini jamani?”

“Yale maua...” alisema, akalala. Alifariki kesho yake alfajiri, Alhamisi tarehe 31 Oktoba 2019.

Ndipo tulipochanganyikiwa. Raelene alisema baba ameichukia kazi yake mwishoni. Garth, mwanawe, alisema labda hataki kidogo, anataka tele. Shemeji mmoja akasema tumwage tu, marehemu hatajua, na nusura atolewe nje. Noelene hakula. Alikaa ngazi ya jikoni akiyatazama maua yanayoanza kufumbua, akisema, “Miaka yote hii nimelala na mtu, na neno lake la mwisho silielewi. Basi nilikuwa naishi na nani?”

Juzi akaja mzee Lindsay Fehlberg, aliyekuwa akiuza miche zamani, ambaye kitanda chake hospitalini kilikuwa jirani na cha marehemu. Alikuja kutoa pole, akaliona lile shina, akasimama kama aliyeona mzimu.

“Kumbe ndiyo haya? Mama, mumeo aliniuliza dawa yake. Alisema, ‘Mke wangu anataka buluu, nami nimeyapa ganda tangu tuoane, yamegoma.’ Nilicheka hadi nesi akanikemea. Nikamwambia, ndugu yangu, ganda ni chokaa! Ndilo linaloyafanya pinki! Buluu inataka udongo mchachu, wenye asidi.”

“Akasemaje?” Noelene aliuliza.

“Aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akasema, ‘Kwa hiyo ni mimi. Na yeye hakuniambia?’”

“Ningemwambia nini?” Noelene alishika kichwa. “Chokaa naijua, mama alinifunza! Nilidhani anapenda pinki! Nikasema ndiyo raha yake, mwache.”

Alicheka mpaka akashika ukuta, na alipomaliza kucheka alikuwa analia. “Mjinga yule,” alisema. “Mjinga wangu.”

Mzee Lindsay alimalizia ujumbe. Marehemu alimwuliza udongo wa makaburini ukoje. Akamjibu ni mwekundu, mchachu, haujaguswa na ganda hata siku moja. Des akasema, “Basi nina nafasi moja bado.”

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunawaomba mrudi na ndoo zenu. Kazipeni kabichi. Baada ya maombi Noelene atapanda kipandikizi cha haidrenjia ya mama yake hapa, juu ya Des, na atakayeonekana na ganda karibu na kaburi hili atajibizana na Noelene mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane, Noelene. Watoto wawili, Raelene na Garth. Wajukuu watatu, Tegan, Cody na Marlee. Dada yake, Bi. Dot, na bustani zote za Currawee.

Mungu amlaze pema Desmond, na udongo wake ubaki mchachu.