Kiherehere na Sukari Iliyofungiwa Kabatini

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Kiherehere, alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, binti pekee wa fundi viatu na mkewe. Alikuja duniani mwezi mzima kabla ya siku zake, na baba yake akasema, "Huyu hata tumboni kakosa subira!" Jina likamganda.

Alisoma shule ya msingi hadi mwaka 1976. Walimu walimpenda na walimchoka. Kisha akajifunza ushonaji, na huko akagundua kwamba cherehani ndicho kitu pekee kinachokwenda mbio kumshinda.

Tangu 1979 alishona sare za shule katika chumba cha mbele, mlango wazi, redio juu, pini zimejaa kinywani na bado anaongea. Hakuchelewesha nguo ya mtu. Wateja waliochelewa kuzichukua aliwafuata majumbani, na alipofika huko alipanga na viti vyao upya.

Tarehe 14 Agosti 1984 aliolewa na fundi umeme, mtu mpole wa maneno machache. Watu waliuliza wale wawili watawezana vipi. Waliwezana. Walijaliwa mabinti wawili, na katika miaka yote hiyo mume hakumpandishia mkewe sauti ila kwa jambo moja tu: sukari.

Mwaka 2014 marehemu alianza kutetemeka asubuhi kabla ya kula. Jasho lilimtiririka, moyo ulimwenda mbio, akasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Sisi mawifi tukacheka: si ndicho kiherehere chake? Wengine wakanong'ona kwamba anakunywa. Siku alipoangukia cherehani, zahanati walimpima wakamwambia mumewe, "Shida yake ni sukari." Kwa lugha yetu, mtu akiambiwa hivyo, nani huuliza kama imezidi au imepungua? Mume akafungia sukari kabatini, ufunguo akautia mfukoni.

"Baba watoto, kijiko kimoja tu, nakufa."

"Hiyo hiyo ndiyo itakayokuua!"

Marehemu akawa anatorokea kwa jirani kuomba soda, na kila akinywa, akili ilimrudi. Mumewe alipogundua alikasirika, kisha akaingiwa na wasiwasi uliomnyima raha kabisa. Mbona sumu inamponya? Swali hilo alilipeleka hospitali kubwa, akamuuliza daktari vivyo hivyo.

Daktari hakucheka. Alimlaza marehemu, akamzuia kula huku wauguzi wakimlinda na kumpima damu. Sukari iliposhuka na kutetemeka kukaanza, walikuta insulini, homoni inayoishusha sukari, bado inamwagika tele.

"Mzee, mkeo hana ugonjwa wa sukari," daktari alisema. "Sukari inamwishia."

Picha zikaonyesha uvimbe kwenye kongosho, mdogo kama kifungo cha koti, nao ndio uliomwaga insulini hiyo bila kuagizwa. Marehemu akasema, "Kumbe hata uvimbe wangu una kiherehere!" Mume hakuweza kucheka. Alirudi nyumbani, akafungua kabati, akautupa ufunguo.

Marehemu alipasuliwa mwaka 2015, akarudi kwenye cherehani yake kabla ya kuruhusiwa. Mwaka 2021 ugonjwa ulirudi, safari hii ukiwa kwenye ini. Alichomwa sindano ya kuzuia insulini kila mwezi, akala kidogo kidogo mchana na usiku. Mumewe hakutoka tena bila sukari, na marehemu akamshonea kila shati mfuko wa ndani wa kuiwekea. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024, mkono wake mkononi mwa mumewe. Mume alikuwa amempima: sukari ilikuwa sawa. Ini ndilo lililochoka.

Ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu na kaka zake wanne. Shati alilovaa mumewe leo alishonewa na marehemu, na mfukoni mna sukari. Tulimwambia aitoe, amekataa.

Wifi yetu, jambo moja tulishindwa kukufundisha: kupumzika. Mungu akufundishe, na iwe kwa amani.