Makofi Yaliyotupokonya Kiwanja cha Viazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mipango ya Jiji, maafisa wa ardhi na wa barabara, wazee wa Lanet, wafanyabiashara wenzangu, na wewe Bwana Weldon, afisa wa mipango ambaye tumekuja kukuaga kabla hujahamia Kericho: Alhamisi iliyopita, kabla hata ya chai ya saa nne, sisi watu wa soko la viazi tulipoteza kiwanja chetu cha kupakulia malori. Hatukuibiwa. Tulikipigia makofi.

Mimi ni Immaculate Wachuka. Nilianza na debe moja kando ya barabara, leo naleta lori zima kutoka Keringet, na nimeombwa niseme mazuri ya Bwana Weldon. Nitayasema. Mpango wa kwanza wa ile ploti ya soko letu ulipokuwa ukichorwa, soko chini, maduka katikati, nyumba za kupangisha juu, ni afisa gani aliyekuja sokoni na gambuti miguuni, akapima lori likigeuka, akamuuliza dereva maswali hadi dereva akaomba kupumzika? Ni huyu. Ndiyo maana mpango wake ulikuwa na kiwanja nyuma ya soko.

Kisha ukaja mpango uliorekebishwa, nasi Alhamisi hiyo tukaitwa ukumbini kuupitia. Mtu wa mwekezaji atakayejenga akatuonyesha picha ukutani: miti, vioo, watoto wasafi. Nikamwona humo mama mmoja mnene wa kiasi, kikapu mkononi, hana tone la jasho. Nikajiambia, huyo ni mimi, maendeleo yakishafika. Basi mzungumzaji alipomaliza, nikafanya ninachokijua. Mnanifahamu: iwe harusi, iwe harambee, hata mtu akiombea chakula kwa ufupi, Wachuka atasimama awapashe mikono moto na kuitisha makofi ya kilo. Siku hiyo niliitisha ya kilo tano. Mkayapiga vizuri sana, hongereni.

Namalwa muuza nyanya, ambaye alikuwa akiitazama picha bila kujitafuta ndani yake, akainua mkono kuuliza malori yatapakulia wapi. Karani wa kamati akamjibu kwa upole, "Mama, hilo limepita. Mmeshakubali kwa makofi."

Ndipo nikaitazama picha vizuri. Palipokuwa kiwanja pana magari madogo ya wapangaji, na bembea mbili. Tukiwa njiani kurudi, Namalwa hakunigombeza. Aliniambia tu, "Wachuka, lori likija, libebe na hayo makofi yako."

Shule niliiacha darasa la saba, lakini hesabu haikuniacha. Lori lina urefu wa mita kumi; njia mliyotuachia ina upana wa mita nne, na lori halikunjwi kama leso. Litasimama barabarani, mita themanini kutoka sokoni. Magunia mia mbili, kwenda na kurudi: kilomita thelathini na mbili. Mbebaji atakuwa amefika Gilgil kwa miguu, nusu ya safari akiwa na kilo hamsini mgongoni. Viazi hivyo, vikishaongezewa gharama ya mbebaji, nani atavinunua? Wateja watahamia kwingine, na sisi wachuuzi arobaini tutabaki kupokezana bembea.

Na kama makofi ni kura, Mheshimiwa, basi mwaka huu pekee Lanet imewachagua wachungaji watatu, keki moja, na yule mbuzi aliyenadiwa kanisani.

Nyumba tunazitaka, wapangaji nao hula viazi. Jana nilimpigia Bwana Weldon nikamuuliza kama kiwanja kinaweza kurudi. Mtu anayefunga virago angeweza kunikatia simu. Yeye alinieleza kwamba kinaweza, mradi magari ya wapangaji yaegeshwe chini ya ardhi, chini ya jengo, na kamati iagize hivyo kabla ya kufunga mapitio Ijumaa jioni. Bwana Weldon, Kericho wamepata mtu. Nenda salama.

Kwenu nyote, shukrani kwa kunivumilia. Na kwako, Mheshimiwa, sitaki kuambiwa kwamba maoni yangu yamezingatiwa. Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, njoo sokoni ututamkie kwa kinywa chako: kiwanja kinarudi, au hakirudi?