Herufi Moja Kati Yetu na Fundi

Ndugu waombolezaji, mimi ndiye mwanawe wa kwanza, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya baba yetu, nanyi mtaniwia radhi sauti ikinikatika.

Baba alizaliwa tarehe 9 Juni 1948, mtoto wa tatu wa seremala, akasoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963, na mwaka 1966 akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi za risasi moja moja kwa vidole, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minane. Tarehe 12 Aprili 1975 alimwoa mama yetu, wakajaliwa watoto wanne.

Mtaa wa pili yupo fundi cherehani, ambaye jina la ukoo wake linatofautiana na letu kwa herufi moja tu, nasi tulilelewa tukiamini kwamba watu wake walijipachika jina letu. Baba, aliyejua jinsi herufi inavyomponyoka karani, hakuliamini hilo, na mwaka jana alimwomba fundi wapime vinasaba, wakatema mate kila mmoja katika kichupa chake, wakacheka kama watoto. Mimi sikucheka. Fundi alipokuja kwenye harusi ya binti yangu, tarehe 20 Agosti, Baba akamkalisha viti vya familia, nilimwinua mbele ya watu nikamwambia, "Mzee, huku ni kwa wenyewe." Akaondoka, koti mkononi.

Novemba figo za Baba zilishindwa, akalazwa. Majibu yalifika kwenye simu yangu, ambayo Baba aliiandikisha namba yake, tarehe 3 Februari, kwamba Baba na fundi ni uzao wa mwanamume mmoja, vizazi vinne nyuma. Niliyaficha. Kila nilipoingia wodini Baba aliniuliza, "Vipi, wameleta?" nami nikajibu, "Bado, Baba," siku arobaini na mbili, mpaka tarehe 17 Machi, saa nne asubuhi, alipokata roho, fundi akiwa amemshika mkono, bado akimwita Baba jirani tu.

Fundi, yaani Baba Mdogo, umekaa huko nyuma na majirani, nakuomba mbele ya watu wote uje huku tulipo, na ukikataa sitakulaumu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kumwuguza, na wazee wa kiwandani waliokuja wote, hata asiyeona.

Baba, pumzika kwa amani, aibu hii niachie mimi.